Waliojua kuunganisha mizigo wanaweza kuunganisha watoto

Mtoto wa darasa la pili anayesoma zamu ya asubuhi katika shule ya serikali mjini Gisenyi hutoka darasani kabla jua halijafika utosini. Mama yake, kama ni mchuuzi wa Petite Barrière, wakati huo yuko Goma na beseni la nyanya ambalo nusu yake haijauzwa. Kati ya mtoto kutoka shule na mama kurudi nyumbani kuna saa nne au tano, na siku mbaya zinafika saba. Saa hizo shule haizihesabu kuwa zake na mzazi hana namna ya kuzishika. Katika nyumba nyingi za Rubavu zinaangukia mikononi mwa dada mkubwa, ambaye naye ana miaka kumi au kumi na moja. Kwingine zinaangukia kwa jirani mwenye moyo mwema, na kwingine hazina mwenyewe kabisa.

Kusomesha watoto nyumbani ni jambo ambalo wachuuzi wengi wa mpakani huliona kuwa la watu wengine. Huhusishwa na wageni wa mashirika wanaohama kila baada ya miaka miwili, au na familia za Nairobi na Kampala zenye intaneti, mwalimu wa kulipwa na vitabu vya mtaala wa Uingereza. Nchini Kenya jambo hilo limefika hadi mahakamani, kwa sababu Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shule, na wapo wazazi wanaoshikilia kwamba sebule yao ni shule tosha. Nchini Rwanda katiba inasema elimu ya msingi ni ya lazima, na ni bure katika shule za umma.

Ubishi huo una uzito wake, lakini haugusi maisha ya Gisenyi. Mama anayebeba karoti kwenda Goma hana mpango wa kumwondoa mtoto shule ili amfundishe mwenyewe. Angependa shule imkae nao muda mrefu zaidi. Kinachomkabili ni kwamba nyumba yake inafundisha tayari, itake isitake, kwa nusu ya kila siku ya masomo, na hakuna aliyeipanga kwa kazi hiyo.

Chanzo cha nusu siku hiyo kinajulikana. Rwanda ilipopanua elimu ya msingi kuwa ya miaka tisa mwaka 2009, watoto walikuwa wengi kuliko madarasa na walimu. Madarasa ya chini ya shule ya msingi, la kwanza hadi la tatu, yakagawanywa zamu mbili: kundi moja asubuhi, jingine mchana, mara nyingi kwa mwalimu yuleyule. Mpango huo uliwaingiza darasani watoto ambao wangebaki nje, na kwa hilo unastahili sifa. Mwaka 2020 serikali ilianza ujenzi wa madarasa mapya 22,505 nchi nzima, lengo mojawapo likiwa kupunguza msongamano na safari ndefu za wanafunzi. Hata hivyo zamu mbili hazijaisha katika shule nyingi. Kwa mfanyakazi wa ofisini mwenye msaidizi wa nyumbani, zamu ni usumbufu mdogo. Kwa mchuuzi, zamu ni tundu katikati ya siku, na mtoto hudumbukia humo.

Mwaka 2020 tundu hilo likawa siku nzima. Rwanda ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 14 Machi, na shule zikafungwa siku chache baadaye. Wiki hiyohiyo mipaka ikafungwa kwa watu, malori ya mizigo tu yakaruhusiwa kupita. Bodi ya Elimu Rwanda, ikisaidiwa na UNICEF, ilianza kurusha masomo kwa redio, na televisheni ikafuata. Nchi jirani nazo zilitafuta njia zao. Uganda ilichapa vitini na masomo ya magazetini. Tanzania ilitumia televisheni na redio mpaka ilipowarudisha wanafunzi wote tarehe 29 Juni mwaka uleule. Burundi haikufunga shule kabisa. Rwanda ilianza kufungua kwa awamu tarehe 2 Novemba 2020, wakubwa kwanza, na wadogo wa darasa la kwanza hadi la tatu hawakurudi mpaka Januari 2021, wakati Kigali iliendelea kusubiri.

Kwa hiyo watoto waliokaa nyumbani muda mrefu zaidi walikuwa walewale wa zamu, ambao hawakuwa wamejifunza kusoma vya kutosha kuweza kujisomea. Redio ilifundisha vizuri. Lakini redio haimwoni mtoto anayeshika kalamu kama mchi, wala haijui kwamba betri zimeisha tangu juzi. Kila aliyelea watoto mwaka ule anakumbuka kilichokosekana. Sauti ya mwalimu ilikuwepo hewani, na daftari lilikuwepo mezani. Hakukuwa na mtu mzima wa kukaa kando ya mtoto nusu saa bila kuinuka.

La kushangaza ni kwamba mwaka 2020 wazazi wa mpakani walikuwa nyumbani. Mpaka ulikuwa umefungwa, biashara imelala, na mama aliyezoea kuondoka alfajiri alikuwa amekaa barazani. Kwa hesabu za juujuu, huo ungekuwa mwaka bora wa kusomesha nyumbani. Haikuwa hivyo, na sababu si uvivu. Mtu aliyekula mtaji wake ndani ya wiki tatu hafundishi herufi; anawaza kesho watakula nini. Kusomesha kunataka utulivu wa kichwa, na utulivu huo kwa mchuuzi unatoka kwenye beseni lililouzwa. Wanaowahimiza wazazi maskini "wawe na muda na watoto wao" wangefaa kukumbuka mwaka ule, ambapo muda ulikuwa tele.

Uganda ilionyesha mwisho wa barabara hiyo. Shule zake zilifunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, baada ya karibu miaka miwili, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Mamlaka ya Mipango ya Taifa ya nchi hiyo ilikuwa imeonya kwamba karibu theluthi ya wanafunzi huenda wasirudi. Wavulana walikuwa wameingia machimbo na boda boda, wasichana wamepata mimba au wameolewa. Mtoto aliyezoea kuleta pesa nyumbani ni vigumu kumrudisha kwenye dawati, na mzazi aliyezoea kuzipokea naye ana kishawishi chake.

Korona imepita, lakini Rubavu si wilaya ya kujidanganya kwamba shule haitafungwa tena. Tarehe 1 Agosti 2019, ugonjwa wa ebola ulipoonekana Goma, mpaka ulifungwa kwa saa kadhaa na watu wakakwama pande zote mbili. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, maelfu wakakimbilia Gisenyi, na matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba za mji kwa siku kadhaa. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika, na mvua za usiku ule ziliua zaidi ya watu 130 katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, risasi na makombora vilivuka mpaka na kuua raia upande wa Rubavu. Kwa mtoto anayeishi jirani na geti, kwenda shule siku hiyo hakukuwa jambo la kufikiriwa. Kwa hesabu hiyo, familia ya hapa imepata sababu ya kumzuia mtoto nyumbani karibu kila mwaka au kila baada ya miaka miwili. Nao watoto wa Goma wanaovuka kuja kusoma Gisenyi hugeuka wanafunzi wa nyumbani kila geti linapofungwa, iwe kwa ugonjwa au kwa siasa.

Mwaka 2022 ulileta uamuzi mmoja mzuri na mmoja mgumu. Mwezi Novemba baraza la mawaziri la Rwanda liliamua kwamba kuanzia Januari 2023 masomo yaanze saa mbili na nusu asubuhi na kazi za ofisi zianze saa tatu, na serikali ikaeleza kuwa inataka wazazi wapate nafasi zaidi ya kushughulikia familia. Ni uamuzi wa kiungwana. Ila saa zake zimepimwa kwa kipimo cha ofisi. Mchuuzi wa mboga hapangiwi saa na baraza la mawaziri. Anapangiwa na soko la Goma, linalotaka mboga mbichi asubuhi, na geti linalofunguliwa alfajiri. Shule ilipoanza kuchelewa, mama aliyekuwa akimwacha mtoto mlangoni mwa shule akielekea mpakani alijikuta akiondoka mtoto akiwa bado kitandani.

Ule mgumu ulitangulia, mwezi Juni. Baada ya tukio la risasi kwenye geti, upande wa Kongo ulipunguza saa za kuvuka, geti likawa linafungwa saa tisa alasiri. Kongo ilikuwa imetia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki miezi miwili tu kabla, tarehe 8 Aprili. Wachuuzi walipoteza saa zao za kuuza, na hasara hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini kuna jambo ambalo halikusemwa sana: geti linalofungwa saa tisa linamrudisha mama nyumbani kabla giza halijaingia. Vikao vya biashara vinapojadili saa za mpaka, mezani huwekwa tani za mizigo, ushuru na usalama. Hakuna anayeweka mezani saa za mtoto. Atakayedai geti lifunguliwe mpaka saa nne usiku, na yapo madai mazuri ya hivyo, angefaa pia kueleza nani atakuwa na mtoto saa mbili usiku.

Katika pengo hili anayelipa bei kubwa zaidi ni binti wa kwanza. Mchuuzi mwenye mtoto wa kunyonya ana njia tatu, na zote zinajulikana pale mpakani. Anaweza kuvuka naye mgongoni, huku kichwani ana beseni. Anaweza kumwacha karibu na geti kwa mtu wa kumlipa kidogo. Au anaweza kumwambia binti asiende shule leo. Ile ya tatu haigharimu faranga hata moja, ndiyo maana ni ya hatari. Huanza siku ya soko moja kwa juma. Halafu binti anapitwa na somo la sehemu, la wiki inayofuata haelewi, anaanza kuona haya, na kufikia muhula wa tatu anasema mwenyewe kwamba shule imemshinda. Nyumbani watasema hapendi kusoma. Kumbe alikuwa ameajiriwa, bila mshahara na bila mtu kulitaja neno ajira.

Kinachochekesha, kama kina kuchekesha, ni kwamba nyumba anayobaki ndani yake binti huyo imejaa elimu. Watu wa mjini huwadharau wachuuzi kwa kukosa vyeti, lakini ni wachache kati ya wenye vyeti wanaoweza kusimama katikati ya vurumai ya Birere na kubadili kichwani faranga za Rwanda, faranga za Kongo na dola kwa pumzi moja, huku wakimtazama mteja asichomoe kitunguu. Mama huyu anaamini hana la kumfundisha mtoto wa darasa la nne kwa kuwa yeye aliishia la tatu. Anakosea, na beseni lake ni shahidi.

Chukulia amenunua nyanya kwa faranga 12,000 za Rwanda na kumlipa mbebaji 500. Akiziuza zote Goma anapata faranga 30,000 za Kongo. Kwa urahisi wa hesabu, kila faranga mbili za Kongo ni moja ya Rwanda, basi ana 15,000, na faida yake ni 2,500. Sasa mtoto aulizwe: moja ya kumi ya nyanya ikioza njiani, faida inabaki ngapi? Wakubwa wengi watajibu haraka kwamba inapungua moja ya kumi. Mtoto akiandika atakuta mauzo yameshuka hadi 27,000 za Kongo, yaani 13,500 za Rwanda, na faida imebaki 1,000. Sehemu moja tu ya kumi ya nyanya imekula zaidi ya nusu ya faida. Hilo ni somo la sehemu na asilimia kama lilivyo katika kitabu cha shule, na ni somo ambalo mama mwenyewe amekuwa akilihisi mfukoni kwa miaka bila kuliona kwenye karatasi. Jioni moja ya namna hiyo humfaa mwalimu na mwanafunzi kwa pamoja. Mama anasema namba, mtoto anaandika, na mwisho wa mwezi kuna daftari la biashara ambalo halikuwepo.

Kikwazo kingine ambacho wazazi hukitaja ni Kiingereza. Tangu 2009 ndiyo lugha ya kufundishia, na Desemba 2019 wizara ikaamua kianze kutumika darasa la kwanza badala ya la nne. Mtoto huja nyumbani na zoezi ambalo maagizo yake hakuna anayeyasoma. Mzazi wa Gisenyi huwa na Kinyarwanda na Kiswahili, wengine Kifaransa kidogo cha zamani na maneno ya Kilingala ya kupatana bei, na bado hujiita hajui lugha. Hapa kuna aibu isiyo na sababu. Mtoto anayesomewa hadithi kwa Kinyarwanda anajifunza kusoma. Herufi ni zilezile, na akishajua kufuata mstari kwa kidole kutoka kushoto hadi kulia, Kiingereza kinapata pa kukaa. Kiswahili nacho ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017. Gazeti la jana, kabla halijafungiwa maandazi katika nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, linatosha kwa somo la robo saa. Bei za viazi na habari za forodha ndizo habari anazozielewa mtoto wa mchuuzi kuliko hadithi ya theluji.

Kuhusu akina baba, maneno machache yanatosha. Wapo wanaoshinda na watoto wakati mke yuko Goma, na wanafanya vizuri. Wapo pia wanaokaa kijiweni tangu asubuhi wakisubiri kazi ya mjengo, na nyumbani kuna mtoto anayehitaji mtu wa kumsikiliza akisoma ukurasa mmoja. Kumsikiliza mtoto akisoma hakuhitaji cheti, na hakujawahi kumpunguzia mwanamume heshima.

Yote haya, hata hivyo, yanarudi palepale: nani ana saa hiyo? Mzazi mmoja mmoja hana. Anayechuuza peke yake na kulea peke yake hataongeza ualimu juu ya mzigo huo kwa kuhimizwa na redio. Hapo ndipo wachuuzi wa Rubavu wangefaa kukumbuka walivyofanya korona ilipowafungia geti. Mtu mmoja mmoja hakuweza kuvuka, basi wakaunganisha. Vyama vya ushirika vikakusanya mizigo ya wengi, vikaipakia kwenye lori moja, na mwakilishi akaisindikiza. Kila mmoja alikuwa na alama kwenye gunia lake na jina lake kwenye orodha. Kulikuwa na malalamiko, mizigo mingine ilichelewa, mingine ilipunjwa, lakini nyanya zilifika Goma mpaka watembea kwa miguu walipoachiwa tena rasmi mipaka ya nchi kavu ilipofunguliwa tarehe 7 Machi 2022. Watu walioweza kuaminiana kwa magunia hawashindwi kuaminiana kwa saa mbili za watoto.

Mfano wenyewe wa watoto upo tayari vijijini. Rwanda ina marerero ya nyumbani, vituo vya malezi ya awali ambamo wazazi wa jirani hukusanya watoto wao katika nyumba moja na kupokezana kuwatunza, na Wakala wa Taifa wa Maendeleo ya Mtoto ndio unaosimamia mpango huo. Mama mmoja analea kumi leo ili tisa wafanye kazi. Mpango huo unawahusu watoto mpaka umri wa kuanza shule, miaka sita au karibu na hapo. Baada ya hapo mtoto anahesabiwa kuwa ni wa shule, kana kwamba shule inamchukua siku nzima. Kwa watoto wa zamu haimchukui. Irerero lingeweza kuendelea kwa miaka mitatu zaidi, nusu siku, kwa darasa la kwanza hadi la tatu, bila kubuni jambo jipya hata moja.

Hesabu yake ni rahisi kuliko ile ya nyanya. Familia kumi, siku tano za shule kwa juma: kila mzazi anakaa zamu siku moja kila majuma mawili. Ni kweli siku hiyo hauzi. Ambao hawawezi kupoteza siku wana njia ya pili. Kila mtaa wa Gisenyi una kijana aliyemaliza sekondari na anayesubiri chuo au kazi. Familia kumi zikitoa faranga 300 kila moja kwa siku, kijana huyo anapata 3,000 kwa kazi ya nusu siku, na watoto wanapata mtu anayesoma Kiingereza cha maagizo. Vikundi vya kuweka akiba, vile wanavyoviita ibimina huku na likelemba ng'ambo, tayari vinakusanya fedha kila juma kutoka kwa watu haohao. Karo haiongezi kikao kipya. Mzazi wa shule ya msingi ya umma anatakiwa kuchangia faranga 975 tu kwa muhula kwa chakula cha mtoto, na hata hizo zipo familia zinazozipata kwa taabu. Kwa hiyo 300 za kila siku si kitu kidogo, na kikundi lazima kiamue mapema nini kitafanyika kwa asiyekuwa nazo. Vikundi vya akiba vimekuwa vikijibu swali hilo tangu vianze.

Yapo mashaka ya haki. La kwanza ni usalama. Kuweka watoto kumi katika chumba cha mtu ni kumpa mtu huyo imani kubwa, na si kila anayejitolea anastahili. Hakuna kikundi kinachopaswa kuanza bila kumhusisha kiongozi wa kijiji na wale wajitoleaji wanaoitwa Inshuti z'Umuryango, marafiki wa familia, waliochaguliwa katika kila kijiji kwa ajili ya mambo kama haya. Mlango ubaki wazi, wazazi wapite bila kupiga hodi. La pili ni kwamba serikali inaweza kuona watoto wametulia na kuacha kujenga madarasa. Hofu hiyo inaeleweka, lakini mtoto aliye darasa la pili mwaka huu hatakuwa darasa la pili jengo litakapokamilika. La tatu husemwa na baadhi ya walimu: wazazi wataharibu, watafundisha vibaya, watoto watachanganyikiwa. Mwalimu anayebeba zamu mbili na watoto zaidi ya hamsini katika kila moja anajua moyoni kwamba mtoto aliyesoma ukurasa mmoja nyumbani, hata kwa matamshi ya kuchekesha, ni mzigo mwepesi kuliko asiyefungua kitabu.

Pa kuanzia kusemea jambo hili si lazima pawe Kigali wala Arusha. Kila kijiji kina Umugoroba w'Imiryango, jioni ya familia, ambapo wakazi hukutana kujadili ugomvi wa ndoa, lishe na usafi. Mara nyingi wachuuzi hawafiki, au hufika wamechoka na kusinzia. Safari hii wangekuwa na ajenda yao. Orodha ya watoto wa zamu katika mtaa inaweza kuandikwa jioni moja, kama ile ya magunia: jina la mtoto, zamu yake, saa anayotoka, nani anakuwa naye. Orodha hiyo ikisomwa mbele ya watu, safu ya mwisho itasema mengi kuliko hotuba.

Wilaya nayo ina lake. Mjini kuna vyumba vya umma vinavyokaa vitupu nusu ya siku: ofisi za vijiji, kumbi, vyumba katika soko la mpakani lililojengwa kwa ajili ya wachuuzi haohao. Jumuiya ya Afrika Mashariki huzungumza sana juu ya vituo vya pamoja vya forodha, ambamo lori linakaguliwa mara moja badala ya mbili. Chumba cha watoto karibu na Petite Barrière, kinachopokea watoto wa pande zote mbili wakati mama zao wako kwenye foleni, kingegharimu chini ya mashine moja ya kukagua mizigo. Vyama vya ushirika vya upande wa Goma vina wanachama wenye shida hiihii, na mabinti wanaobaki nyumbani Birere hawana tofauti na wa Gisenyi ila katika lugha ya daftari.

Kwa kuanzia, chama kimoja cha wauza mboga kingeweza kwenda wilayani na ombi lenye mistari mitatu. Chumba kimoja, siku za shule, kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na moja. Ubao na boksi la chaki. Na nakala ya ufunguo ikae kwa mwanachama anayeishi karibu, ili mlango usimsubiri mtu ambaye yuko kwenye mkutano.